Thelathini Elfu na Thelathini na Moja

Hadi leo nikiiona 30031 mahali popote, damu inanichemka.

Nilikuwa kidato cha pili, Bariadi, mwaka ambao wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuingia na mizani zao. Mwalimu wetu wa hesabu, wa pekee tuliyekuwa naye, alizidisha ubaoni mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja na kumi na tatu. Akapata 30030, akaongeza moja. Ukigawa kwa yoyote kati ya hizo, akasema, inabaki moja. Basi hii ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, na kumi na saba je? Hatujaijaribu."

Darasa likacheka. Akanitoa nje: nisirudi mpaka nimletee kigawanyo au niombe radhi. Niombe radhi kwa kuuliza swali! Nani, mimi?

Nyumbani mama hakuwa na muda na namba. "Kama huna darasa, shamba lipo." Ilikuwa zamu yetu kuvuniwa na kikundi cha majirani, na kikundi hakingoji mtu. Kila mmoja ana mstari wake wa pamba, mnaanza pamoja, na anayechelewa anaimbwa. Nikaamua kila nikimaliza mstari nijaribu namba tasa moja, nikigawa kwa kidole vumbini. Kwa kumi na saba ikabaki tisa. Kwa kumi na tisa ikabaki kumi na moja. Nikiinuka, wenzangu wako mbali na wimbo umenigeukia: eti msomi analimia mchwa kwa kidole. Aliyeitikia kwa sauti kuliko wote ni mama yangu mzazi! Ng'ombe wa jirani nao wakapita juu ya arobaini na saba yangu. Nikaanza upya.

Siku ya tatu nilifika mia moja sabini na tatu, na kuendelea zaidi ya hapo hakuna maana, kwa sababu namba tasa inayofuata ukiizidisha kwa yenyewe inaipita 30031. Sikuwa nimepata kitu. Nikalia kwa hasira mbele za watu.

"Acha kulia, mayu," mama akasema, kwa Kisukuma chake cha kunibembeleza. "Pamba huwa inarudiwa. Angalia ulichoruka."

Nikarudia. Hamsini na saba inagawanyika kwa tatu, kwa hiyo nilikuwa nimeiacha, na kwa pupa nikaiacha na hamsini na tisa pamoja nayo. Mjinga mimi! Hamsini na tisa mara mia tano na tisa.

Kesho yake nilikimbia shuleni. Mwalimu hayupo. Ameacha kazi, wakaniambia, yuko kwa wanunuzi. Nikamkuta anapima pamba, nikampa jibu langu hata kabla ya shikamoo. Akabonyeza kikokotoo, akatazama, uso ukamng'aa kama zamani akiwa ubaoni.

"Ni kweli! Umepata! Rudi darasani, nimekuruhusu."

"Darasani kuna nani, mwalimu?"

Akainamia mizani.

"Leteni gunia jingine," akasema.