Zipu Mgongoni mwa Dude

Hasira za Mama Emérance zilianzia mgongoni mwa dude.

Alikuwa fundi cherehani katika kambi ya Panda ya wafanyakazi wa mgodi wa shaba, huko Kongo, mwanamke wa maneno machache mpaka umguse pabaya. Mwaka ule wa 1969, alasiri za Jumamosi zilimkuta katika ukumbi wa sinema wa kambi akitazama filamu za bei rahisi: farasi yuleyule akipanda kilima kilekile tena na tena, damu ya nyanya, radi ya kugonga bati. Jumamosi moja, katika filamu, dude likaibuka ziwani, likageuka, na zipu ikaonekana kuanzia shingoni hadi kiunoni.

Philippe, msimamizi wa ukumbi, alicheka mpaka akakohoa, kisha akawasha taa.

“Nyama gani iko na fermeture ku mugongo? Nitasema ku biro ya kampuni, hii takataka iishe! Balete ma-film ya maana.”

Emérance akasimama, akainyooshea kidole suruali yake. “Na patalo yako, haiko na fermeture? Weye hauko muntu?”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nyani haoni kundule! Ila Emérance hakucheka. Pale Philippe alipoona kosa, yeye aliona mkono wa fundi mwenzake, mtu asiye na kitambaa cha kutosha wala muda, aliyethubutu kushona zimwi hivyo hivyo. Nani kasema kitu cha maana lazima kifiche mishono yake? Filamu za fahari zilimtaka akae kimya ashangae. Hii ilimwita aje naye ajaribu.

Filamu zile za bei rahisi zikapigwa marufuku kweli. Ikaletwa filamu ya maana, juu ya usafi wa mitaro. Usafi wa mitaro! Watu wanaoshinda kwenye vumbi la shaba ndio wa kufundishwa uchafu?

Emérance akashona. Magunia ya unga, vipande vya tairi, meno aliyokata kwenye kibuyu. Zipu akaiweka kifuani, nyekundu, makusudi. Jumamosi iliyofuata ukumbi ulikuwa mtupu, na ua wa nyumba yake umefurika watu. Dude likatoka nyuma ya jiko likinguruma. Kila mtu alijua ndani yumo Mathieu, mumewe; viatu vyake vya kazini vilikuwa nje nje. Bado walikimbia wakipiga mayowe. Philippe, aliyekuja kuona watazamaji wake wamepotelea wapi, aliruka uzio akaacha kiatu.

Emérance akamfuata nacho barabarani.

“Fermeture uliiona?”

Philippe alikuwa bado anahema. “Apana, Mama. Sikuiona.”

“Basi uende useme vile ku biro, barudishe ma-film yetu.”

Hakumpa kiatu mpaka alipoitikia.