Tuta la Titus

Peris si mtu wa kunyamazia upuzi. Mimi jirani yake namjua tangu aolewe hapa Ronge chini, huku tambarare ambako mvua huja kwa hasira na kuondoka na shamba. Yeye na mumewe Titus walichimba makinga maji miaka na miaka: mtaro, udongo ukarushwa upande wa juu ukawa tuta, tuta likapandwa nyasi. Watu wakawacheka, "Kwani mnazika nani?" Mahindi yao yaliposimama na yetu kunyauka, kicheko kikaisha.

Novemba iliyopita Titus akafariki. Mwili ungali mochari Voi, ndovu wakapita shambani wakabomoa tuta la juu, lile linalopokea maji kwanza. Asubuhi mawingu yalikuwa yameshashuka vilimani. Likiachwa hivyo, maji yangevunja matuta yote na udongo wote kuishia mtoni.

Lakini kwetu, maiti akiwa hajazikwa, jembe haliguswi shambani. Peris akachukua jembe.

"Shemeji, rudisha hilo jembe," akasema Hudson, kakaye marehemu. "Unatutia aibu. Watu watasema ulikuwa unangoja afe."

Jamani! Nilichemka. Nikafungua mdomo nimpe zake, lakini Peris alikuwa ameshaliweka jembe chini.

"Sawa, shemeji. Jembe nimeacha."

Akapiga magoti, akaanza kurudisha udongo kwa mikono mitupu, machozi yakimtiririka. "Hii ni kazi ya ndugu yako," akasema. "Ikienda na maji, atakuwa amekufa kabisa."

Nikafunga leso kiunoni nikapiga magoti kando yake. Wakaja akina mama waliokuwa wakipika matangani. Mwishowe Hudson naye akaenda kuokota mawe, akawa anatuletea. Mvua ilinyesha jioni hiyo. Tuta likashika.

Siku ya mazishi wachimba kaburi walikuja na sururu, maana ardhi yetu haichimbiki hivi hivi. Hudson akawaonyesha mahali, chini kidogo ya lile tuta. Jembe la kwanza likazama lote. Wakachimba mpaka mwisho na sururu haikuguswa. Udongo ulikuwa laini, una unyevu hadi chini.

Peris akaokota donge, akalifinya likavunjika kiganjani.

"Amejilainishia mwenyewe," akasema, kisha akalia kwa sauti, na Hudson akalia naye.