Kodi ya Hela ya Upekuzi

Mume wangu alikuwa koplo wa kikosi cha dawa za kulevya. Wenzake walimwita Karani, maana haachi kuandika. Loo, yule mtu! Hata tukigombana anaandika, na saa juu.

Walipopekua nyumba za wauza unga, hela ya chini ya godoro haikufika yote kituoni. Fomu inasema laki mbili, mifukoni zimebaki tatu. Mwizi gani mwenye akili zake ataandika hayo? Wangu. Tarehe, mtaa, fungu lake, na sahihi, eti wenzake wasije wakamdhulumu. Siku za mwizi ni arobaini. Huyu alizihesabu mwenyewe kwa kalamu. Daftari likakutwa kwenye kabati lake la kazini, akafungwa miaka sita.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe watu wa kodi nao wamelisoma. Wakadai kodi ya mapato ya miaka minne, na faini juu. Nikacheka kwa hasira: hela ya wizi nayo ina kodi?

"Mama, mapato ni mapato," afisa wa kodi akaniambia. "Angezirudisha, tungeongea mengine."

Kilichobaki cha kuchukuliwa ni nyumba. Vyumba vitatu, hati ina jina langu, na nusu yake imetoka kwenye cherehani yangu, nikishona sare za shule hadi mgongo ukagoma. Tulipokutana naye gerezani, wakili akatuambia njia ni moja tu: hela ya daftarini isionekane imegusa nyumba. "Sema uliinywa, afande. Ulevi, kamari, chochote." Mume wangu akaitikia.

Siku ya shauri kwenye baraza la rufaa za kodi akaletwa na pingu. Mwenyekiti wa baraza akamuuliza, "Hela hizo ulizimalizia wapi? Kwenye pombe?"

Nikamwona anavimba. Mungu wangu, namjua.

"Mheshimiwa, mimi si mlevi. Sijawahi kulala nje. Kila tofali la nyumba ile nimelinunua mimi, kwa ajili ya mke wangu na wanangu."

Kila tofali! Na yangu je? Nikasimama, nikapaza sauti kwamba mimi nimeshona, nina wateja, waulizeni. Nikaambiwa nikae. Mwenyekiti alikuwa keshaandika.

Walipompitisha karibu yangu kumrudisha gerezani, akainama. "Umesikia, mama watoto? Hakuna atakayesema mumeo alikuwa mhuni."

Akatabasamu, akingoja nimshukuru. Nilimchukia palepale. Tumepewa siku thelathini tuhame.