Nukta Tatu Chini ya Herufi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyokwenda kwa shangazi yangu Bi Mwanahamisi, Mtaa wa Msimbazi, karatasi nimeificha kifuani kama mtu aliyebeba posa. Nilikuwa msichana mbichi, na kazi yangu ilikuwa kuchora herufi.

Usicheke. Herufi za kitabu hazioti shambani. Kuna mtu huketi akazichora moja moja kabla hazijasubiwa, yaani kumiminwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Miaka ile ya hamsini wazee wetu wengi walisoma Kiswahili kwa hati ya Kiarabu tu. Bwana Ratilal, mpiga chapa wa Mchafukoge, alikuwa na herufi za Kigujarati na za Kizungu, akataka na hizo, apate kuchapa tenzi za arusini. Alimwendea baba yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyesifika kwa mwandiko. Baba akamwambia, "Mkono wangu siku hizi unatetemeka, ila wa binti yangu umetulia." Ndivyo nilivyoipata kazi.

Kiarabu hakina p wala ch. Sisi huazima be, yaani b, na jimu, yaani j, tukaongeza nukta zikawa tatu. Jimu yangu ilikuwa nzuri, wacha nijisifu kidogo. Tumbo lake lilijikunja kama pembe ya kondoo. Nukta nikazibana mle ndani, ndogondogo, zisiuharibu mkunjo. Bwana Ratilal akaichonga michoro yangu kwenye kibao, akachapa ukurasa mmoja wa majaribio, akaniambia, "Binti, wape wasomaji. Wakisoma, nazipeleka Bombay zikasubiwe. Wasiposoma, nabaki na za Kizungu."

Shangazi ndiye aliyewasomea tenzi akina mama wa mtaa ule. Nilimkuta uani na wenzake wakisuka ukili wa mikeka. Nikamwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akaanza kughani: "Karibu mgeni wetu, uketi jini..." Akaisogeza karatasi karibu na macho, akarudia. "Uketi jini, ubate maji."

Mimi nilikuwa nimeandika "uketi chini, upate maji". Wino ulizijaza nukta, tatu zikawa doa moja, ch ikasomeka j na p ikasomeka b. Wanawake walicheka hadi ukili ukawatoka mikononi, na mmoja akasema kwenye nyumba hiyo yeye haingii. Uso uliniwaka.

"Shangazi," nikasema, "nukta zipo tatu. Ukitazama vizuri utaziona."

Alivua miwani taratibu. "Zuhura, mwanangu, msomaji ni mgeni, na umemwalika mwenyewe. Sasa wamwambia autafute mlango?" Kisha, kwa upole zaidi, "Herufi yako ina uzuri wa mkakasi."

Nawe wajua ndani ya mkakasi kuna nini: kipande cha mti.

Nililia njia nzima. Baba alinisikiliza na hakunitetea. Kesho yake nikalifungua tumbo la jimu, na iliniuma kama kufumua nguo niliyoishona mwenyewe. Nikalipanua, nikazitenga nukta, nikazinenepesha. Kila ukurasa mpya niliupeleka kwa shangazi, naye akanionyesha panaposomeka na panapokwamisha. Hatimaye akasoma utenzi mzima bila kusita, akanirudishia karatasi na kuniuliza, "Huna mwingine?"

Sijawahi kusifiwa zaidi ya hapo.

Herufi zilikwenda Bombay, zikarudi zimesubiwa, na tenzi za arusi nyingi za Kariakoo zikaghaniwa kutoka mwandiko wangu bila watu kujua ni wa nani. Baadaye Bwana Ratilal akanitaka nimchoree upya na za Kigujarati, lugha nisiyoijua. Nilianza kwa kuketi jikoni na mama yake, nikamwomba anisomee. Kazi hiyo imenilea hadi uzeeni, na siijutii.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kazi yoyote utakayoishika, iwe ya kushona, kufundisha au kujenga, mtafute atakayeitumia, mkalishe karibu yako, umsikilize kabla hujamjibu. Akikwama, usiyalaumu macho yake. Rudi ukaitazame kazi yako. Na ukilazimika kuuvunja uzuri ulioupenda ili mwenzio apite, uvunje, kwani utapata mwingine.

Mungu autulize mkono wako, akujaalie watu wanaokupenda kiasi cha kukwambia kweli, na akupe umri wa kuiona kazi yako ikiwafaa wengine. Amina.