Fuko wa Mananasi Yangu

Nichekeni tu. Soko huria limeingia, bei ya kahawa haieleweki, basi nikang'oa kahawa yangu hapa Usa River nikapanda mananasi. Sikuwahi kuyaona shambani. Nilidhani yanazaa chini kama viazi. Subira sina. Kila jioni nilifukua mashina nichungulie, kisha nikarudishia udongo. Yakanyauka. Mke wangu alipouliza, nikamsingizia fuko, na mtego nikatega!

Juzi akaja mama mkwe kutoka Muheza, kwenye mananasi yenyewe. Nikamwonyesha uharibifu wa fuko. Akapanua majani ya shina nililolisahau: kinanasi kichanga kimekaa juu, katikati. Akainama kutazama nyayo udongoni.

“Baba,” akasema taratibu, “fuko wenu anatafuta nanasi chini. Tena anavaa raba kama zako.”