Shangazi Bobini Hatupi Uzi wa Zamani

Kama barua pepe yako inaishia na jina la kampuni inayokuuzia intaneti, hiyo anwani si yako. Wewe ni mpangaji, na mwenye nyumba ndiye anayeshika ufunguo. Nimeshaandika hivyo hapa mpaka mmepiga miayo. Sawa. Leo nawaletea shangazi yangu.

Shangazi anatengeneza cherehani. Hashoni, anatengeneza. Mtaani wanamwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani, kwa sababu ni mfupi, mnene, na hatulii. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba: meza ndefu iliyokunywa mafuta ya mashine, kopo la skrubu, na kompyuta yenye kibodi iliyojaa alama za vidole vyake. Kila cherehani inayopita mikononi mwake inaondoka na kibati kidogo chini ya kitako, skrubu mbili, kimegongwa anwani yake ya barua pepe herufi moja moja kwa nyundo. Namba za simu hupotea, anasema. Anwani inakaa.

Inakaa, ndiyo, kwenye jina la kampuni ambayo intaneti yake inachechemea. Mteja anatuma picha ya gia iliyovunjika asubuhi, inafunguka watu wakishakula mchana. Kampuni nyingine ilikuwa imeshapitisha waya mpya mlangoni kwake, basi akawapigia wa zamani kuwaaga. Aliweka spika, nikasikia mwenyewe.

"Mama, ukihama, anwani inafungwa siku hiyohiyo."

"Na barua zitakazokuja?"

"Hazitafika. Ndiyo maana tunakushauri ubaki, mama."

"Kijana, huo si ushauri. Hapo umenikaba." Akakata simu.

Wateja wake wametawanyika. Mkubwa kuliko wote ni chuo cha ushonaji kilicho mbali, chenye ukumbi mzima wa cherehani. Huandika mara moja kwa mwaka, kabla wanafunzi hawajarudi, kumwita akazikague zote. Kazi hiyo ndiyo inayobeba mwaka wake. Barua yao ikigonga ukuta, watatafuta fundi mwingine, na hutawalaumu.

Tukamnunulia jina lake mwenyewe la mtandaoni, tukaliweka kwa watu wanaotunza barua pepe tu, wasiouza intaneti. Analilipia kila mwaka, lakini hata akibadilisha intaneti kama kanga, anwani haitikisiki. Kazi ya asubuhi moja. Nikasema, "Haya, shangazi, waambie wakate."

Akaniangalia kama nimekalia miwani yake.

"Njoo hapa. Cherehani ina uzi mweusi, mimi nataka mweupe. Nafanyaje?"

"Unautoa, unatunga mweupe."

"Kwenye matundu yote haya? Ndiyo maana hata kifungo unashonewa."

Akaukata mweusi kule juu unakotokea, akaufungia mweupe kwa fundo dogo, akavuta upande wa sindano. Mweupe ukapita njia nzima ya mwenzake, ukatokeza. "Wa zamani unauvuta mpya. Ukishaufikisha, ndipo unautupa wa zamani. Umeelewa, au nikuchoree?"

Nilielewa. Akaingia kampuni mpya, na kwa ile ya zamani akabaki na kifurushi kidogo kuliko vyote, anwani isifungwe. Barua zote za anwani ya zamani tukaziwekea njia zijipeleke zenyewe kwenye mpya. Kila aliyeandika alijibiwa kutoka anwani mpya, kisha akatumiwa kibati kipya kwenye bahasha, matundu yaleyale. "Toa skrubu, funga hiki, nitumie picha." Picha zikaja: vitako vya cherehani, vidole gumba, paka mmoja.

Chuo kimya. Mkuu aliyemjua alikuwa amestaafu, simu yake haipatikani, barua aliyomwandikia imerudi.

"Shangazi, unalipia kampuni mbili kwa ajili ya watu waliokusahau."

"Mwana wa kaka, mimi ndiye ninayelipa. Wewe jasho la nini?"

Barua ya chuo ikaja. Ilipita anwani ya zamani, ikatua kwenye mpya. Mkuu mpya, mwanamke, aliandika: "Hatufahamiani. Nimepindua cherehani iliyokwama nikakuta anwani yako chini. Bado unafanya kazi?"

Shangazi akajibu, "Nakuja," akaondoka na bisibisi na mfuko wa vibati vipya unaolia kama njuga.

Aliporudi, bado hakukata. Alisubiri mpaka mkuu yule alipoandika tena, safari hii moja kwa moja kwenye anwani mpya: "Zote zinashona. Mwaka ujao uje mapema, tutakuwa tumeongeza nyingine."

Hapo ndipo akapiga simu.

"Mama, una uhakika? Anwani tunaifunga leo."

"Funga, mwanangu. Humo ndani hakuna mtu."