Katikati ya Mchanga au Kule kwa Mbuzi

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini redio naisikiliza kuliko mwalimu yeyote hapa Ujiji. Ndiyo maana siku walipotangaza kwamba Kongo imepokelewa kwenye jumuiya ya nchi zetu, niliacha dagaa mchangani nikapiga vigelegele peke yangu. Wenzangu wakadhani nimeumwa na nge.

Mkaza mwanangu alikuwa akianika karibu yangu. Ni mtu wa ng'ambo, Mbembe wa Baraka kule Kongo, alivuka ziwa akikimbia vita. Mwanangu alimkuta kambi ya wakimbizi alikokuwa akipeleka dagaa, akamuoa. Kisha homa ikamchukua mwanangu, mke akabaki kwangu na mtoto wa kike ambaye, nisiseme sana, hakuna wa kumpita akili mtaa huu.

Kumwingiza kwenye kikundi chetu cha waanikaji haikuwa rahisi. Mimi ndiye mwenyekiti, na walinijia juu.

"Mwenyekiti, hawa kwao kunawaka kila siku. Ukimwingiza yeye, na vita vyake umeviingiza."

"Na ndugu zake watakuja wote. Sisi tutaanika wapi, juu ya mabati?"

Nikawaambia, "Babu zenu walivuka ziwa hilihili. Au mlidhani walishuka na mvua?"

Wakacheka, wakakubali. Lakini tuna kanuni, na niliitunga mwenyewe: mgeni anaanika msimu mzima kule pembeni wanakopita mbuzi. Wanakanyaga, wananyea, vumbi linaingia, na mali yako unaiona inavyoharibika. Ukivumilia, tunakuita katikati. Yeye tulimwacha kule misimu mitatu. Hakunung'unika hata siku moja, na mimi mkwewe sikumtetea tena. Niliona nimeshafanya kubwa.

Basi siku ile ya redio nikamwambia, "Mwanangu, mambo yameisha. Sasa sisi ni nchi moja."

Hakushangilia. Aligeuza dagaa zake, akauliza, "Mama, sisi bametuweka katikati ao kule kwa mbuzi?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Niliwasimulia wenzangu, nao wakacheka.

Wakati huo mama yake alikuwa mgonjwa kule Baraka. Mbalamwezi ilipoingia, dagaa wasifuate taa, wavuvi wakapumzika na sisi hatukuwa na cha kuanika, akasema anataka kwenda kumchukua. Ila kwanza aende kambini kuomba ruhusa.

"Ruhusa ya nini?" nikamwuliza. "Mtu akitoka chumbani kwenda sebuleni anaomba ruhusa? Na hiyo karatasi ya ukimbizi iache hapa. Ukiwaonyesha pale bandarini, watakuona mkimbizi."

Alisita. Nikaichukua mkononi mwake mimi mwenyewe, nikaikunja, nikaiweka sandukuni chini ya kanga zangu. Mwanamke yule alikuwa na adabu, hakubishana na mama mkwe. Alipanda mashua na kifurushi cha dagaa wa mama yake. "Giza la mwezi likianza, utanikuta hapa, Mama."

Giza likaanza, wavuvi wakarudi majini na taa zao. Aliyekuja kwangu ni mwenye mashua, peke yake.

"Shikamoo, Bibi. Mkaza mwanao, watu wa uhamiaji wamemrudisha kwao."

"Nani kamrudisha? Redio imesema..."

"Redio haikuwepo bandarini, Bibi. Wameomba kitambulisho, hana. Pasi, hana. Wakamgeuza na mama yake."

"Hakuwaambia kwamba sasa sisi ni jumuiya moja?"

Alitazama ndala zake. "Aliwaambia. Wakacheka."

Kicheko kile nilikijua. Kilikuwa changu.

Nikampa mwenye mashua ile karatasi ya ukimbizi ampelekee. Alirudi nayo. Mapigano yalikuwa yamefika kule, watu wametawanyika, nyumba ya mama yake mlango uko wazi na ndani hamna mtu. Alikwenda tena, akauliza tena. Aliniletea karatasi ileile mara ya pili.

Mjukuu wangu sasa anasoma ramani. Juzi alinionyesha nchi za jumuiya, zote zimepakwa rangi moja, kijani. Akaweka kidole ng'ambo. "Mama yuko kwenye kijani hikihiki, Bibi. Mbona haji?"

Kikundini kanuni yasema, nafasi ikikaa giza tatu, yaani miezi mitatu ya uvuvi, bila mtu, anapewa mwingine. Yake ilikuwa katikati, tulikuwa tumemwita mwaka uleule wa tangazo la redio. Wenzangu walinihurumia, wakasubiri giza tano, kisha mmoja akasema kwa upole, "Mwenyekiti, pale kuna mwanamke mpya anapaomba."

"Mpeni yangu," nikasema.

Wakadhani natania. Nikabeba beseni langu nikaenda kule pembeni. Pale pa mkaza mwanangu hapaanikwi kitu. Huku mbuzi wanapita asubuhi na jioni, wanakanyaga, na mimi nawafukuza kwa fimbo, mwanamke mzima na mvi zangu. Sasa naona jinsi dagaa wanavyoharibika.